Mizabibu Isiyolala

Kosa langu la kwanza katika mvinyo wa Kifaransa lilikuwa la kupanga. Mwaka 2015 nilikuwa mtunza stoo katika mgahawa mmoja wa vitongoji vya kaskazini mwa Johannesburg, na mwenye mgahawa alikuwa amenunua kwa mkupuo chupa za Ufaransa kutoka kwa mzee aliyekuwa akihama nchi. Zilikuja katika makasha ya mbao na ya karatasi, zimechanganyika, nyingine zimeliwa lebo na unyevu. Aliniambia nizishushe chumba cha chini na nizipange. Mimi ni mtu wa utaratibu. Katika kila lebo nilichukua neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine, nikapanga kwa alfabeti. Nilipomaliza, rafu ya herufi C ilikuwa imejaa hadi dari, na nyingine zilikuwa karibu tupu.

Aliyenifungua macho ni mhudumu wa mezani, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, aliyeshuka kutafuta vitambaa vya meza. Aliniita yaya, kama wanavyomwita ndugu mkubwa kwao, ingawa tulipishana miaka michache tu. Alisimama mbele ya rafu ya C, akasoma lebo moja, akasoma ya pili, akaanza kucheka.

"Yaya, hapa umepanga nini?"

"Mvinyo wa Château."

"Château iko nyumba. Nyumba kubwa ya tajiri, ile ya mu shamba. Hii yote iko nyumba ya batu mbalimbali." Alifuta machozi kwa kitambaa cha meza. "Ni kama umeandika batu ya mutaa muzima, kila mutu jina yake Bwana. Bwana, Bwana, Bwana."

Nilipangua yote. Nikipangua nilitambua kwamba kwenye lebo nyingi hakuna jina la zabibu kabisa. Chupa za Cape, za hapa hapa Afrika Kusini, husema wazi: hii ni Shiraz, hii ni Merlot. Mfaransa hutaja mahali tu, na humwachia mnywaji kazi ya kujua mahali hapo huota zabibu gani. Jambo hilo lilinikera, kisha likaninyima utulivu, na mtu wa aina yangu akikosa utulivu huanza kusoma.

Tena nilikuwa na sababu ya kuona aibu. Mimi nimezaliwa katika mizabibu. Nikisema hivyo Johannesburg watu hunitazama kwa mashaka, kwa kuwa Mtanzania wanayemjua wao ni wa pwani. Lakini sisi wa Dodoma tunayo mizabibu, katika udongo mwekundu wenye mchanga, imefungwa kwenye nyaya na nguzo, na baba alikuwa na ekari zake nje kidogo ya mji. Nilijua kupogolea kabla sijajua kuandika insha. Naijua harufu ya salfa inayopulizwa dhidi ya ukungu wa ubwiri, namna inavyobaki kwenye shati hata baada ya kufuliwa. Ambacho sikukijua ni mvinyo wenyewe. Zabibu zetu zilipimwa kwa kilo, zikapakiwa kwenye gari la mnunuzi, zikaondoka. Nyumbani tulikunywa chai.

Baba alipofariki, shamba lilibaki kwetu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Siku ya kumaliza msiba, mbele ya baba zetu wadogo, tulikubaliana kwamba hakuna atakayeuza bila neno la mwenzake. Kisha mimi nikaondoka, yeye akabaki. Kila Jumapili alinipigia simu. Na tangu Serikali ilipotangaza kwamba inahamia Dodoma kweli, si kwa maneno tena, simu zake zilikuwa na sentensi moja isiyokosekana.

"Watu wa viwanja wamekuja tena, kaka."

"Waambie hatuuzi."

"Sawa, kaka."

Nilikuwa napanga chumba cha uani mtaa wa Troyeville, na kila aliyeniuliza nitakaa nchi hii hadi lini nilimjibu kwamba mimi nina shamba. Niliposema hivyo nilijisikia kama mtu aliyesimama stendi akiwa na tiketi mfukoni. Basi linaweza kuchelewa linavyotaka.

Nilianza na mito. Mtoto wa mkulima akitaka kuijua nchi, kwanza huuliza maji yanatoka wapi. Nilinunua vitabu viwili vilivyotumika kwenye duka la vitabu vya mitumba, nikakata upande wa kasha la karatasi, nikachora Ufaransa kwa penseli: Garonne na Dordogne zikikutana kusini magharibi, Loire ikikata nchi hadi baharini, Rhône ikishuka kusini, Saône ikiingia Rhône, Marne ikielekea Paris, Rhine mpakani mashariki. Nikaibandika chumba cha chini, juu ya sinki. Kila mwezi nilijipa mto mmoja, na mwezi ulipokuwa haujaisha nilikuwa tayari nachungulia unaofuata.

Bordeaux ilinipendeza kwa kuwa ina sababu. Ng'ambo ya kushoto ya maji ni kokoto, na kokoto hushika joto na kuachia maji yapite. Hapo hupandwa Cabernet Sauvignon, ambayo hukawia kuiva na inahitaji joto hilo. Ng'ambo ya kulia ni mfinyanzi, mzito na wa baridi, na hapo hutawala Merlot, ambayo huwahi kuiva na haijali. Wao huzichanganya, kila moja ikiziba pengo la mwenzake. Cabernet ina ganda nene, na ganda ndilo linaloleta ule ukakasi unaokausha ulimi. Kitabu kilitumia ukurasa mzima kuueleza. Mtu aliyewahi kula bibo la korosho lisiloiva vizuri hahitaji hata mstari.

Harufu ndizo zilizonishinda. Vitabu vilisema Cabernet hunukia cassis. Nikamuuliza mama wa Lubumbashi cassis ni nini. Alilijua neno, akalitamka vizuri kabisa, lakini tunda lenyewe hakuwahi kuliona. Tulisimama tumeinamia glasi moja, wawili ambao mmoja ana neno bila tunda na mwingine hana vyote viwili.

"Zambarau," nilisema mwishowe.

Alinusa tena. "Iko zambarau. Ile ya kuiva sana, inaanguka chini."

Tukakubaliana hivyo, na katika kumbukumbu zangu cassis ni zambarau hadi leo. Yeye hakunywa. Kanisa lake lilikataza, na alikuwa mtu wa kanisa kweli. Lakini kunusa alinusa, tena kwa bidii. Nilipomuuliza kama hilo halimsumbui, alisema, "Miye nimeokoka, yaya, lakini pua bado." Mimi nilikuwa naonja na kutema kwenye sinki, kwa hiyo kati yetu hapakuwa na mlevi.

Siku za mapumziko sikuweza kukaa chumbani. Nilitembea kutoka Troyeville, nikapita katikati ya mji, hadi Mayfair, kwa duka la Msomali mmoja mwenye magunia ya viungo mlangoni. Nilitaka karafuu, pilipili manga, ukwaju, maji ya waridi, na ganda la mdalasini, kidogo kidogo, nikaviweke kwenye chupa za jamu.

"Pilau ya watu wangapi?" aliniuliza.

"Sipiki. Nataka kunusa tu."

Alinipimia, na safari iliyofuata aliniita "yule wa kunusa." Maji ya waridi yalinifundisha Alsace, kwenye Rhine, ambako kuna zabibu nyeupe iitwayo Gewürztraminer inayonukia kama mkeka wa harusi. Pilipili manga ilinifundisha Syrah ya kaskazini mwa bonde la Rhône, ndiyo ile ile ambayo hapa Afrika Kusini huitwa Shiraz. Kusini ya bonde hilo ni Grenache, yenye joto na utamu wa matunda, ikiota kati ya mawe ya duara makubwa kama mikate. Kitabu kilisema upepo hushuka bonde hilo kwa siku nyingi mfululizo na kwamba watu wa huko hukosa usingizi na hugombana kwa sababu yake. Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Dodoma nayo ina upepo.

Mto ulionikamata ni Loire. Zabibu nyeupe ya katikati ya mto huo ni Chenin Blanc, na Chenin hufanya kila kitu: mvinyo mkavu, mtamu, wenye povu. Cape wameipanda kuliko nyingine zote. Nikiwa bado naishangaa, nilikuta katika kijitabu kimoja cha kilimo kwamba hata mizabibu myeupe ya Dodoma ni Chenin. Niliisoma mara mbili. Upande wa mwisho wa shamba la baba kulikuwa na mistari ya zabibu nyeupe ambayo sisi hatukuwahi kuiita chochote isipokuwa nyeupe. Sikungoja Jumapili.

"Ile nyeupe ya mwisho wa shamba," nilimwambia mdogo wangu, "unajua ni nini?"

"Nyeupe ipi? Ile inayooza kwanza?"

"Ndiyo hiyo. Ni Chenin. Wafaransa wanaitunza kama mboni ya jicho. Na kuoza si bahati mbaya. Vichala vyake vimebana. Huko wana mahali wanaiacha ipate ukungu mtini makusudi, inasinyaa, sukari inajikusanya, mvinyo wake ni ghali mno."

Nyuma yake nilisikia kuku.

"Hapa ikioza, kaka, gari halichukui."

"Najua. Nakueleza tu kwamba tuna kitu cha thamani."

"Sawa, kaka. Watu wa viwanja wamekuja tena. Wameshapima kwa jirani."

"Waambie hatuuzi."

Aliposema sawa, nilisikia kukubali.

Mwenye mgahawa aliona ramani yangu juu ya sinki, akacheka, akanipandisha cheo nusu. Kazi ya stoo ilibaki, ila kila walipokuja wahudumu wapya nilipaswa kuwapa utangulizi wa mvinyo wa Ufaransa, saa moja, kwenye chumba cha chini, kabla mgahawa haujafunguliwa. Wengi walikuwa watu wa Kongo, Malawi na Zimbabwe, na vijana wa Soweto walioniita malume, mjomba. Jambo gumu kuwafundisha halikuwa Champagne na chaki yake wala zabibu tatu wanazochanganya huko, mbili nyeusi na moja nyeupe. Gumu lilikuwa kumimina. Mvinyo huishia theluthi ya glasi, ili harufu ipate pa kukaa. Mama wa Lubumbashi, ambaye alikuwa mhudumu bora kuliko wote, alijaza hadi ukingoni kwa mwaka mzima.

"Nikitia nusu, mugeni ataona namufukuza," alisema.

"Ataona unamheshimu."

"Kwa mama yangu ungekula fimbo."

Hata kwa mama yangu. Sikumwambia.

Mkoa niliouchelewesha makusudi ni Burgundy, kwa kuwa kila kitabu kilisema ndio mgumu. Kwa zabibu ni rahisi kuliko yote: nyekundu ni Pinot Noir, nyeupe ni Chardonnay, na kusini kidogo, Beaujolais, ni Gamay. Ugumu uko kwenye ardhi. Kuna mteremko mmoja mrefu wa mawe ya chokaa unaotazama mashariki, ukipata jua la asubuhi, na mteremko huo umekatwa vipande, kila kipande kina jina lake, na ukivuka ukuta mdogo wa mawe, zabibu ni ile ile lakini jina ni lingine na bei ni nyingine. Kisha kila kipande kimegawanywa tena kwa watu, kwa sababu sheria yao ya urithi humpa kila mtoto fungu lake. Kuna familia yenye mistari michache tu kwenye kipande hiki na mingine michache kule. Ndugu mmoja hulima, wengine hupewa sehemu yao. Wameshikilia hivyo vizazi na vizazi.

Ndugu wawili na shamba moja: nilidhani nimekuta kitabu kinachoniandika mimi. Tangu hapo utangulizi wangu kwa wahudumu uliishia Burgundy, na niliumaliza kwa sentensi moja niliyoipenda, kwamba pale watu hawamiliki mizabibu bali mizabibu inawamiliki wao. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti kuhusu mawe ya chokaa. Nikamtumia mwingine kuhusu kupunguza vichala ili vinavyobaki viwe na nguvu.

"Gari hununua kwa kilo, kaka," alijibu.

Kulikuwa na jambo moja la vitabuni ambalo sikuliamini hadi nilipoliona. Uani pale Troyeville, juu ya fremu ya mabomba, kulikuwa na mzabibu mzee uliopandwa na Wareno waliowahi kuishi nyumba hiyo. Kiangazi ulitutilia kivuli wapangaji wote, tukaanika nguo chini yake. Mwezi wa Juni wa mwaka wangu wa kwanza hapo majani yake yaligeuka manjano, yakadondoka yote, na kilichobaki kilikuwa kama kamba zilizosahaulika. Nikajua umekufa. Nilichukua kisu nikakwangua gome, na mwenye nyumba akatoka akidhani naukata.

"Unatafuta nini hapo?"

"Naangalia kama ni mzima."

"Eish. Ni baridi tu. Umelala."

Chini ya gome ulikuwa kijani. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, mwana wa mkulima wa zabibu, na sikuwahi kuona mzabibu uliolala. Wa kwetu haulali. Hakuna baridi ya kuulaza. Unaupogolea, unachipua, unavuna, unaupogolea tena, na ndani ya mwaka mmoja umekwisha kuzaa mara mbili. Nilimweleza mdogo wangu habari hiyo kama jambo la ajabu la kisayansi. Yeye aliuliza kitu kimoja tu, kwamba huko mizabibu inapolala, mwenye shamba hufanya nini. Nilisema hutengeneza zana, na hupumzika. Kisha nikaendelea na nilichokuwa nikisema.

Septemba ya 2019, kwa siku kadhaa, hatukupita Jeppestown, mtaa wa jirani. Maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa na mengine kuchomwa, na kutoka uani kwetu tuliona moshi upande ule. Mgahawa uliniambia nisije hadi patulie. Nilishindwa kukaa ndani na nilishindwa kutoka nje, kwa hiyo nilikuwa nazunguka ua, kutoka bombani hadi kwenye geti, kutoka kwenye geti hadi bombani. Juu yangu mzabibu ule ulikuwa umeanza kuchipua, vichipukizi vya waridi vidogo kama kucha za mtoto. Simu ililia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Sisi hatujambo. Wewe ndiye wa kuulizwa. Tumeona picha."

"Nipo uani. Upande huu pametulia."

"Rudi."

"Nitarudi. Ndiyo maana nasema shamba lisiuzwe. Mtu lazima awe na pa kurudi."

Hakujibu sawa. Nilifika bombani, nikageuka.

"Kaka, nikuulize. Ukirudi utalima?"

"Nitalima. Sasa najua mambo mengi. Nimesoma kuhusu—"

"Umesoma, najua. Miaka yote hii unanisomea. Hata Loire naijua, nikiamka usiku nakutana nayo." Alicheka, na mimi nikacheka, kisha akaacha kabla yangu. "Nikisema watu wa viwanja wamekuja, wewe husikia nini?"

"Kwamba wanakusumbua."

"Hawanisumbui. Wanakuja, nawapa viti, nawapa maji. Nilikuwa nakwambia wamekuja ili uniulize mimi nataka nini."

Nilisimama.

"Unataka nini?"

"Nataka vyumba. Tuuze upande wa barabarani, nijenge vyumba vya kupangisha upande wa nyuma. Watumishi wa Serikali wanatafuta pa kukaa, wanazunguka na mabegi. Salfa imenipa kifua, kaka. Mgongo sina. Nikimaliza kuvuna huku, kule kumeshachipua. Wewe uliniambia mwenyewe kwamba huko mizabibu hulala na watu hulala. Mimi nimekaa macho tangu baba afe."

"Hukuwahi kusema."

"Kwa kaka yangu? Ningesemaje? Nilidhani utanisikia." Nilisikia akivuta pumzi, ile ya kifua. "Wewe unataka mimi nibaki na mizabibu ili wewe uwe na pa kurudi. Haya, ukirudi utalala wapi? Chini ya nyaya?"

Nilimwambia anipe muda nifikiri. Alisema ameshanipa muda, lakini ananipa tena.

Siku zilizofuata nilitafuta hoja. Nilikuwa nazo nyingi, zimepangwa vizuri. Ningeweza kumwambia kuhusu mistari ya Burgundy na ndugu anayelima kwa niaba ya wengine. Lakini kila nilipoishika hoja hiyo nilimwona yule ndugu anayelima, ambaye vitabu havikumpa hata sura, na alikuwa amevaa kanga na kufunga kitambaa puani kwa ajili ya salfa.

Barabara zilipofunguliwa nilirudi kazini, na kulikuwa na wahudumu wapya watatu wanaosubiri utangulizi. Nilianza na mito kama kawaida. Kokoto na mfinyanzi. Chaki. Waridi, pilipili manga. Mama wa Lubumbashi alikuwa amekaa kwenye kasha nyuma yao, anakunja vitambaa, kwa kuwa alipenda kusikiliza na kunisahihisha matamshi. Nilifika Burgundy. Nikaeleza mteremko, jua la asubuhi, kuta, urithi. Nikafika kwenye sentensi yangu, na haikutoka.

"Yaya, malizia," alisema. "Pale wanamilikiwa na mizabibu."

"Leo sisemi hiyo."

"Kwa nini? Iko muzuri."

"Sijui kama waliulizwa."

Wale vijana walitazamana. Mmoja aliandika hata hilo. Niliwapa mapumziko, nikapanda ngazi hadi uchochoroni ambako huwekwa makreti matupu, nikapiga simu.

"Ng'oa," nilisema.

"Nini?"

"Mizabibu. Maliza mavuno, kisha ng'oa. Neno langu umelipata, waambie na baba wadogo."

"Mavuno tumemaliza juma lililopita, kaka."

"Basi ng'oa."

Nilisikia akiweka ndoo chini.

"Hata ile nyeupe?"

"Hata ile nyeupe."

"Nikutumie kipande cha tawi? Ukipande hapo kwako uani. Madereva wa malori wapo."

Nilikitaka kipande hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu cha shambani. Lakini nilikuwa nimesoma habari ya mdudu mdogo wa mizizi aliyevuka bahari kutoka Amerika pamoja na vipande vya mizabibu, kwa mikono ya watu wapenda maua na vitabu, akaila karibu Ufaransa nzima hadi wakalazimika kuunganisha kila mzabibu wao kwenye mizizi ya kigeni. Nikaanza kumweleza.

"Basi, basi," alisema. "Ukishaanza na bahari hatumalizi leo. Nitakutumia zabibu za kukausha."

Zilifika karibu na Krismasi, kwa mfanyabiashara wa vitenge aliyekuja kwa basi kutoka Dar, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Zabibu kavu, nyeusi nyingi na nyeupe chache zilizogeuka rangi ya asali. Nilizipeleka kazini. Niliosha glasi ya Burgundy, ile yenye tumbo, nikaweka zabibu hadi theluthi, nikainusa nikiwa nimefumba macho. Nikapata vumbi baada ya matone ya kwanza ya mvua. Nikapata ngozi ya kiatu kipya, ukwaju, na mbali sana salfa. Nikampa mama wa Lubumbashi bila kumwambia ni za wapi.

"Unapata nini?"

Alinusa kwa bidii yake yote. "Zabibu."

"Na kingine?"

Akarudia. "Zabibu, yaya. Na mufuko ya nailoni."

Akatia tatu mdomoni, akapanda kwenda kupanga meza. Nilibaki nazo chini, nikazila nikitembea kati ya rafu nilizozipanga upya kwa mito, kutoka Loire hadi Rhône, hadi glasi ikawa tupu.

Mdogo wangu alipiga Jumapili. Alikuwa ametuma picha ya msingi: mitaro iliyonyooka katika udongo mwekundu, na nguzo za zamani zimelazwa pembeni kwa rundo. Alinionyesha kitakachokuwa chumba changu. Kilikuwa cha mwisho, pale palipokuwa na nyeupe. Nilikuza picha kwa vidole, nikatafuta kivuli cha nguzo nijue jua liko wapi, sikupata.

"Dirisha litatazama wapi?" niliuliza.

"Dirisha lipi?"

"La chumba changu."

Nilisikia akitembea, hatua zake kwenye kokoto za ujenzi, kisha akasimama, pengine akinyoosha mkono kama fundi.

"Mashariki," alisema. "Kwa nini? Kama unataka likae kwingine sema sasa hivi, fundi yupo hapa."

"Hapana. Acha hapo hapo, lipate jua la asubuhi."